Mfano wa Meli na Vyuma Vyake Vidogo

Sisi wenyeji wa Singida tunakaa mbali na bahari. Maji yetu ni ya maziwa ya chumvi, kama Singidani na Kindai, na wengi wetu twafahamu ng'ombe, mtama na alizeti kuliko matanga na nanga. Hata hivyo, zamani meli nzima ilipita katika nchi hii, ikakata Manyoni na Itigi, wala aliyeitazama ikipita hakuona meli.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1913 mafundi wa mji wa Papenburg, katika Ujerumani, waliunda meli ya chuma ya kufanya kazi katika Ziwa Tanganyika. Walipokwisha kuiunda waliifungua tena, kipande kwa kipande, wakavitia vipande katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yakaletwa kwa njia ya bahari mpaka Dar es Salaam, yakapakiwa katika gari moshi, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hata Kigoma. Huko mafundi watatu waliotoka Papenburg, pamoja na Wahindi na Waafrika wengi, waliviunga vile vipande kwa ribiti.

Ribiti ni msumari mfupi usio na ncha. Hutiwa moto mpaka uwe mwekundu, ukapenyezwa katika tundu la mabamba mawili ya chuma, kisha upande wa pili hugongwa kwa nyundo mpaka ufanye kichwa kingine. Ukipoa hujikaza, ukayabana mabamba yale yasiachane. Ubavu wa meli namna ile una vichwa vya ribiti maelfu, vimepangwa mistari mistari.

Meli ilishushwa majini Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, isije ikatekwa. Lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi, isiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Meli hiyo ndiyo niliyowachagulia wanafunzi wangu, ili tuufanyize mfano wake katika saa za kazi ya mikono. Nataka kuwaelezeni jinsi vyuma vyake vidogo vilivyofanyizwa. Nitawaambia na makosa yetu pia, maana mtu asiyeambiwa makosa ya mwenzake huyarudia.

Mara ya kwanza tulichonga mwili wa meli kwa gogo la mti mwepesi, nao ulikuwa mzuri. Kisha tukatia vyuma kwa haraka. Nguzo za ukingo wa sitaha tulizifanya kwa misumari, dohani kwa bati nene, na kila palipolegea tulimimina lehemu. Siku ya kuishusha majini tuliwaita wazee waje Singidani kutazama. Meli iliachwa mkononi, ikaenda hatua mbili, ikalala ubavu, ikapinduka miguu juu. Watoto wadogo walicheka sana. Mmoja wa wavulana wangu alifunika uso kwa mikono yake, wala hakuja tena katika kazi ya mikono juma zima.

Alikuwapo pale mzee mmoja, fundi wa bati, atengenezaye koroboi na ndoo sokoni. Aliinua meli yetu, akaigeuzageuza, akasema, "Mwalimu, nguzo hizi ni za meli au za nyumba?" Nikaona haya, kwa kuwa alisema kweli. Nikamwomba, "Mzee, njoo utufundishe." Akakubali. Tukaanza upya.

Jambo la kwanza ni kipimo. Liemba ina urefu wa mita 71 na kidogo, na upana wa karibu mita 10. Sisi tulikubali kwamba kila mita moja ya meli iwe milimita 5 katika mfano. Yaani, mfano ni sehemu moja katika 200. Basi urefu ukawa sentimita 35 na nusu, na upana sentimita 5. Kipimo kikiisha kukubaliwa ni sheria, wala hakuna chuma kilichosamehewa. Sasa utaona kosa letu la kwanza. Msumari wenye unene wa milimita 2, ukizidishwa mara 200, ni nguzo ya sentimita 40. Baharia angeweza kujificha nyuma yake! Na bati la milimita moja ni sawa na ukuta wa chuma wa sentimita 20. Ndiyo maana jicho la mzee lilikataa kazi yetu hata kabla hajapima.

Jambo la pili ni mabamba ya ubavu. Bati la kopo la kawaida ni nene mno kwa kazi hii. Tulitumia ile karatasi laini ya alumini inayofunika kinywa cha kopo la maziwa ya unga. Inyooshe juu ya kioo kwa mgongo wa kijiko, kisha uikate kwa wembe na rula iwe vipande virefu vyenye upana wa milimita 7. Kabla ya kuvibandika, tia ribiti. Weka kipande juu ya ngozi ya kiatu cha zamani, upande wa nyuma ukitazama juu. Chukua gurudumu dogo la meno kutoka katika saa mbovu, ulipenyeze katika kijiti cha waya liwe na mpini, uliviringishe polepole kando ya rula. Kila jino huacha alama, na ukikigeuza kipande utaona vinundu vidogo vimejipanga sawasawa. Meno yakiwa na nafasi ya nusu milimita, ribiti za mfano wako zina nafasi ya sentimita 10. Usikandamize sana, kipande kikitoboka kitupe, ukate kingine.

Bandika vipande kwa gundi kidogo, ukianza chini karibu na mkuku na kupanda juu, kila cha juu kikikalia ukingo wa cha chini, kama makuti ya paa. Kandamiza kwa pamba, wala si kwa kidole, maana kidole huvilaza vile vinundu.

Jambo la tatu ni madirisha ya duara. Chukua waya mmoja mwembamba kutoka ndani ya kamba ya umeme iliyoharibika. Uzungushe juu ya sindano nene ya milimita moja na nusu, mizunguko ikigusana. Kisha pitisha wembe kwa urefu wa sindano, na kila mzunguko utaanguka kuwa pete moja. Ibane pete ncha zake zikutane, uitie gundi juu ya tundu ulilokwisha kulipaka rangi nyeusi ndani. Pete hizi ni ndogo hata pumzi yaweza kuzipeperusha. Kwa hiyo tulifanya kazi hii asubuhi, kabla ya upepo wa Singida kuamka.

Jambo la nne ni rafadha, yaani yale majani ya chuma yanayozunguka majini na kuisukuma meli. Liemba ina rafadha mbili. Kata duara ndogo ya shaba nyembamba, uigawe sehemu tatu, ukate kutoka ukingoni kuelekea katikati bila kufika. Kwa tupa nyembamba fanya kila sehemu iwe kama jani lenye mviringo, kisha lipinde kila jani kidogo kwa koleo, yote kwa upande mmoja. Hapa tulikosa tena. Tulifanya rafadha mbili zilizofanana kabisa, tukajisifu. Mzee akatuuliza, "Je, viatu vyenu vyote viwili ni vya mguu wa kulia?" Katika meli nyingi zenye rafadha mbili, moja huzunguka kulia na ya pili kushoto, ili meli isivutwe upande mmoja. Basi rafadha hizo zapasa kutazamana kama mikono miwili ya mtu. Tukafanya nyingine.

Jambo la tano ni ukingo wa sitaha. Tulitwaa kibao, tukatoboa matundu kwa sindano katika mstari, tukasimamisha humo vipande vya waya wa shaba vyenye kimo cha milimita 5, ambacho ni mita moja ya meli. Juu yake tukalaza waya mwingine, tukalehemu kila mahali pa kukutana. Sheria za kulehemu ni tatu. Kwanza, chuma kiwe safi. Ukikisugua kwa msasa usikiguse tena kwa vidole, maana jasho huizuia lehemu isishike. Pili, tia moto chuma, wala si lehemu. Chuma kikipata joto, lehemu itakifuata yenyewe kama maji yafuatavyo mfereji. Tatu, tia kidogo. Tone kama mbegu ya ulezi latosha, na lililozidi ni kazi ya tupa baadaye. Mfanye kazi hii nje, mbele ya mtu mzima, msivute moshi wake, na kunawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi, nayo ni sumu.

Baada ya haya mvulana yule aliyefunika uso alirudi. Aliniuliza, "Mwalimu, tukitia vyuma vyembamba namna hii, itapinduka tena?" Swali lake lilikuwa jema kuliko yote, na jibu lake ni hesabu.

Mfano ukipunguzwa mara 200 kwa urefu, hupunguzwa mara 200 kwa upana pia, na mara 200 kwa kimo. Zidisha 200 kwa 200, tena kwa 200, utapata 8,000,000. Basi meli ya tani 1,000 ingekuwa na mfano wa gramu 125 tu. Ikiwa meli nzima ni gramu 125, matone machache ya lehemu juu ya sitaha si jambo dogo. Ni kama kupanda mtu mnene juu ya ncha ya mlingoti. Chombo husimama wima uzito wake ukiwa chini. Kwa hiyo kila kilicho juu na kiwe chepesi kadiri kiwezekanavyo, na chini kabisa, ndani ya mkuku, tia kipande cha risasi. Tulijaribu katika ndoo mara nyingi, tukiongeza na kupunguza, hata meli ikawa ukiilaza kwa kidole inainuka yenyewe.

Ndipo tukarudi Singidani, safari hii bila kumwita mtu. Meli ikaelea. Tena ilielea juu kidogo kuliko katika ndoo, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi, nayo huinua zaidi. Upepo mdogo uliipiga, ikayumba, ikasimama. Yule mvulana hakusema neno. Alikaa akiitazama mpaka jua likachwa.

Labda mtu atauliza, kuna faida gani kuhesabu ribiti ambazo jicho halizioni vizuri? Nitamjibu kwa habari ya pwani. Katika visiwa vya Lamu palikuwa na chombo kiitwacho mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mitepe iliacha zamani kufanya kazi baharini, na waliosafiri ndani yake wamekufa. Lakini mafundi walifanyiza mifano yake, na baadhi ya mifano hiyo yatunzwa katika nyumba za makumbusho. Leo atakaye kujua jinsi mtepe ulivyoshonwa huitazama mifano hiyo. Kama fundi angalitia msumari pasipo na msumari ili amalize upesi, angalimdanganya mtu ambaye hajazaliwa bado.

Chuma cha Liemba nacho hakitadumu milele. Basi ninyi mnaofanyiza mfano, pimeni kwa uaminifu. Kitu kidogo kilichofanywa kwa kweli kinaweza kushuhudia kitu kikubwa kisichokuwapo tena.

Maswali
1. Kwa nini watu wa Manyoni waliiona meli wasiitambue?
2. Waya wenye unene wa nusu milimita ni sawa na nguzo ya unene gani katika meli yenyewe?
3. Eleza sababu ya rafadha mbili kutofanana.
4. Mfano wa meli ya tani 2,000, kwa kipimo kile kile, ungekuwa na uzito wa gramu ngapi?