Sukari Inayopaa: Roketi ya Wanafunzi na Safari ya Kurudi

Mkulima wa miwa wa Awendo, katika Kaunti ya Migori, huijua sukari kama zao linalomlipia mwanawe karo. Ni nadra kuiwazia kuwa fueli ya roketi. Hata hivyo, roketi nyingi zinazoundwa na wanafunzi wa vyuo vikuu ulimwenguni huendeshwa kwa sukari, au kemikali za jamii yake, iliyochanganywa na shura, yaani potasiamu naitreti. Makala hii inaeleza jinsi roketi hiyo inavyopaa, na kwa nini kupaa ni nusu tu ya kazi.

Sukari ndiyo inayoungua. Shura huipa oksijeni. Kwa hivyo roketi haihitaji hewa ya nje, tofauti na injini ya gari. Gesi ya moto hutoka kwa kasi kupitia tundu jembamba lililo mkiani. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, gesi ikisukumwa chini, roketi husukumwa juu. Fueli huisha kwa sekunde chache, lakini roketi huendelea kupanda hadi uvutano wa dunia na ukinzani wa hewa viisimamishe. Mchanganyiko huo ni hatari, nao haufai kujaribiwa nyumbani.

Baada ya hapo huja kurudi. Kompyuta ndogo iliyomo ndani hupima kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri roketi inavyopanda. Kanieneo ikianza kuongezeka, kompyuta hutambua kuwa kilele kimepitwa, nayo hufungua parachuti. Parachuti ikikwama, chombo huanguka kama jiwe, na aghalabu vipimo vya safari hupotea pamoja nacho.

Nchini Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Juja, wameunda na kurusha roketi chini ya mradi uitwao Nakuja. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, lakini kwa roketi ya Kimarekani. Taifa-1 nayo ilirushwa kutoka California mwezi wa Aprili 2023. Setilaiti huhitaji kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Roketi ya wanafunzi haikaribii kasi hiyo. Tofauti ni kwamba ujuzi wa kuiunda, kuirusha na kuirudisha salama hubaki nchini, mikononi mwa vijana watakaounda kubwa zaidi.