Breki za Gari la Kasi: Adui ni Maji

Mwenye gari la kasi hupenda kusifu injini yake. Ni nadra kumsikia akisifu mafuta ya breki. Lakini uwezo wa kukimbia hauna maana bila uwezo wa kusimama, na jambo hili fizikia inalieleza waziwazi.

Tuanze na hesabu. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Gari la kilogramu 1,400 likienda kilometa 60 kwa saa lina nishati ya kilojuli 194 hivi. Likienda kilometa 120 kwa saa, kasi imeongezeka mara mbili, lakini nishati imekuwa mara nne, yaani kilojuli 778 hivi. Dereva akifunga breki hadi gari lisimame, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto katika diski na pedi kwa sekunde chache tu. Joto la kiasi hicho lingeweza kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji.

Sehemu ya joto hilo huyafikia mafuta ya breki. Mafuta haya si ndugu wa oili ya injini. Aina zinazotumika zaidi hutokana na kemikali za glaikoli, ambazo hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata kupitia mipira ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Sentigredi. Yakishanyonya maji yasiyofika hata asilimia 4, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kiowevu hakigandamiziki kwa urahisi, na kwa sababu hiyo hupeleka nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu. Mvuke hugandamizika. Mafuta yakichemka, pedali huzama hadi chini na gari haliitiki. Ajali ya namna hii haitokei gari likiwa limeegeshwa mjini; hutokea katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa, breki zikiwa zimekwisha kupata moto.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi, au mapema zaidi ikiwa kitabu cha gari kinaagiza hivyo. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kifuniko, na usichanganye kamwe na oili ya injini, kwani huharibu mipira. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa, kisha fundi atoe upepo katika magurudumu yote. Katika mteremko, tumia gea ndogo ili injini isaidie kuzuia mwendo.

Kwa hiyo, kabla ya kuiongezea injini nguvu, mwenye gari na ajiulize: mafuta ya breki yalibadilishwa lini?