Je, Mpiga Picha wa Harusi Anahitaji Kamera Mbili?

Msimu wa harusi ukikaribia, kama vile Shaaban kabla ya kufunga au mfunguo mosi baada ya Idi, vijana wetu wanaopiga picha huanza kuulizana swali moja: ni lazima niwe na kamera mbili? Wengine hukopa ili wanunue ya pili hata ya kwanza haijarudisha pesa yake. Wengine wana kazi kila wikendi na bado wanategemea moja tu, wakiomba Mungu isizime. Wote wawili wangefaa kulipima jambo hili upya.

Ninaposema kamera hapa nakusudia ile bodi yenyewe, bila lenzi. Lenzi ni hesabu nyingine.

Tuanze na wasiohitaji. Mwenye studio ya picha za pasipoti, anayepiga watalii pale Fort Jesus, anayepiga nyumba za kupangisha Diani au vyakula vya mkahawa, huyo bodi moja inamtosha. Ikiharibika leo, atamwambia mteja arudi kesho, au atakodi nyingine jioni. Atapata hasara ya siku moja na aibu kidogo. Anayejifunza naye asidanganywe na picha za mitandaoni za watu waliovaa mikanda yenye kamera kiunoni kushoto na kulia.

Harusi ni kitu kingine. Chukua nikahi. Khutba inasomwa, bwana harusi ameshikana mkono na wali au na sheikh aliyewakilishwa, linatamkwa la kuozesha naye anajibu kuwa amekubali. Jibu hilo halimalizi sekunde tano. Hakuna atakayewaambia waliojaa msikitini warudie kwa sababu kamera yako imeganda. Baadaye msafara unakwenda nyumbani, bwana anaingia kumpa mkono bibi harusi, na hilo nalo linapita mara moja. Ukikosa hapo, familia ile imekosa milele, na hata ukirudisha pesa zote hujawarudishia kitu.

Zamani za filamu sababu ilikuwa tofauti. Roli ya kawaida ya milimita 35 ilitoa picha 36, kisha ufungue na upachike nyingine. Mtu alibeba bodi mbili ili moja iwe na filamu ya rangi na nyingine nyeusi na nyeupe, au moja iwe tayari nyingine ikiisha. Dijitali iliondoa sababu hizo. Kadi moja hubeba maelfu ya picha, na rangi hubadilishwa kwa kompyuta. Ndiyo maana wako wanaoamini kwamba bodi ya pili ni mtindo wa wazee.

Tena kamera nyingi za kazi sasa zina nafasi mbili za kadi, na picha ile ile huandikwa kote kuwili. Jambo hili wapiga picha wa harusi walilipigania. Mwaka 2018 Canon EOS R na Nikon Z 6 na Z 7 zilipotoka na nafasi moja tu, malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka 2020 Canon R6 na Nikon Z 6II na Z 7II zikaja na mbili. Basi mtu husema, nina kadi mbili, nishakuwa na akiba. Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kadi ya pili inalinda picha uliyokwisha kupiga. Bodi ya pili inalinda picha ambayo hujaipiga bado. Shata ikikatika kabla ya nikahi, kadi zako mbili zitabaki salama na mambo ya asubuhi, na nikahi hutakuwa nayo.

Na shata hukatika kweli. Ni kifaa kinachokwenda na kurudi kila unapobonyeza, na kina umri. Canon walisema 5D Mark III imejaribiwa kwa mibonyezo 150,000, Nikon wakaitaja D850 kwa 200,000. Hizo si ahadi. Nyingine hufa mapema, nyingine huendelea sana. Lakini piga hesabu: harusi yetu ya siku tatu, pamoja na hina na kupamba, ukipiga picha 3,000, basi harusi 50 zinafika 150,000. Kijana mwenye kazi nyingi hufika huko kwa miaka michache. Na akinunua bodi iliyotumika bila kuuliza idadi ya mibonyezo, hajui anaanzia wapi.

Pwani inaongeza yake. Hewa ya chumvi hula viungo vya chuma, unyevunyevu huzalisha kuvu kwenye lenzi, na upepo wa kusi ukivuma ufukweni hubeba mchanga mwembamba. Mwenye bodi moja hulazimika kufungua kamera pale pale kubadilisha lenzi ndefu na fupi, na vumbi linakaa juu ya kihisi. Mwenye mbili huziacha lenzi zimefungwa, moja ya kupiga kundi, moja ya kuvuta sura kwa mbali, na hafungui kitu mpaka arudi ndani.

Kuna na shida ya ukumbi wenye kiyoyozi. Kamera iliyopoa ndani ukiitoa ghafla kwenye joto la nje, kioo chote huingia ukungu, na kufuta hakusaidii mpaka kipate joto. Wageni wanaingia mlangoni nawe huoni kitu. Bodi ya pili iliyobaki nje ndani ya mkoba, bila kupozwa, hufanya kazi papo hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mabinti wetu wanaopiga upande wa wanawake wanalijua vizuri zaidi. Kwenye ukumbi wa kina mama simu hukatazwa, na mpiga picha mwanamke huaminiwa kwa sababu picha zile ni amana: bibi harusi na wageni wake wako bila buibui. Kamera yake ikifa, cha haraka ni kutuma mtu nje akaazime kwa kijana anayepiga upande wa wanaume. Kamera hiyo huenda ina kadi ya mwenyewe kwenye nafasi ya pili, nayo inanakili kila picha kimyakimya. Hata akizifuta kabla ya kurudisha, picha zilizofutwa kwenye kadi mara nyingi huweza kufufuliwa kwa programu za kawaida tu. Kwa dada huyu, bodi yake ya pili ni sehemu ya sitara ya watu waliomwamini. Akilazimika kuazima, afungue mlango wa kadi, atoe zote, atie zake.

Je, ya pili iwe mpya? Hapana. Iwe ya aina moja na ya kwanza ili lenzi, fleshi na hata betri ziingiliane. Kwa mfano Canon 6D, ambayo si ghali tena sokoni, hutumia betri moja na 5D Mark III. Ina nafasi moja ya kadi, lakini kama akiba inafaa. Kuchanganya kampuni mbili kunakuletea lenzi zisizoingiliana na rangi za ngozi zisizolingana, ukakesha kuzirekebisha. Aliyehamia kamera mpya zisizo na kioo ndani, asiharakishe kuuza ile ya zamani.

Na kabla ya bodi ya pili viko vya kutangulia: betri tatu, kadi nzuri, fleshi ya akiba. Hivyo ndivyo vinavyofeli mara nyingi. Kama kazi zako ni mbili tatu kwa mwaka, kodi bodi kwa siku ile na uiweke kwenye bei yako. Wa Lamu, Faza au Kiunga asingoje mpaka harusi ianze, kwa sababu kamera ya kukodi haitamfikia kwa boti kabla ya nikahi. Aifuate mapema.

Ukishakuwa nazo mbili, linganisha saa zake asubuhi ya kazi. Zikipishana dakika kumi, kompyuta itakupangia bwana harusi ametoka msikitini kabla ya kuingia.

Nanyi wazazi mnaotoa arubuni, muulizeni mpiga picha kabla ya kukubaliana: kamera ikizima saa ya nikahi, una nini mkononi? Na kwenye upande wa wanawake, kamera hizo ni za nani, na kadi zinabaki kwa nani? Jibu lake liandikwe kwenye makubaliano pamoja na bei.