PENSELI YA FUNDI WA KISASA: ACHAGUE IPI?

Likizo ya Agosti iliyopita nilishinda katika karakana ya mjomba wangu, fundi wa milango na vibao vya maduka. Mjomba alikuwa amenunua kwa mkopo mashine ndogo ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, yaani CNC. Mashine ilifika, ikafungwa, ikanyamaza! Wiki mbili nzima ilifunikwa gunia huku deni likimwandama. Kumbe mashine ya aina hii haijui kuchora, yangoja kuambiwa.

Kuambiwa vipi? Kazi hupitia hatua tatu. Kwanza, fundi huchora kifaa kwenye kompyuta kwa programu ya CAD. Pili, programu ya CAM huuchukua mchoro huo na kuipanga njia ya kisu. Kisu chenye upana wa milimita 6 lazima kipite milimita 3 nje ya mstari, ama sivyo kipande kitatoka kidogo kuliko kilivyochorwa. Ubao wa milimita 18 nao haukatwi kwa mkupuo mmoja. Kisu kikishuka milimita 3 kila mara, kitapita mara 6. Tatu, mpango huo huandikwa kwa lugha ya mashine iitwayo G-code. Kwa vipimo vya milimita, "G1 X50 F600" maana yake ni: nenda moja kwa moja hadi alama ya 50 upande wa X, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika. Basi kama programu zako hazitoi G-code inayofahamika na mashine yako, hata ziwe nzuri namna gani, ni pambo tu.

Sasa tuje kwenye pesa. Jirani mmoja alimletea mjomba programu ghali "ya bure" ndani ya flashi. Nikamwambia, "Mjomba, hiyo ni ya wizi." Akacheka, "Wewe kijana, nani atajua?" Siku ya tatu kompyuta ikaingiwa na virusi, na michoro ya milango 4 ya mteja ikapotea yote. Mjomba hakucheka tena. Tamaa mbele, mauti nyuma!

Tukaketi, tukapima. Programu nyingi kubwa siku hizi hazinunuliwi mara moja. Hukodishwa kwa mwaka, na usipolipa mlango unafungwa. Fusion ina toleo la bure, lakini ni la matumizi ya binafsi, si la biashara, na tangu mwaka 2020 limewekewa kikomo cha michoro 10 inayoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Onshape hutumika kupitia intaneti. Toleo lake la bure nalo si la biashara, na michoro yako huonekana na watu wote. Je, mteja atafurahi kuona mlango wake umeanikwa hadharani?

FreeCAD ni ya bure kabisa, hata kwa mtu anayeuza kazi zake. Haihitaji intaneti ukishaiweka, na ina sehemu yake ya CAM. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, likapunguza sana ile kasoro ya zamani ya mchoro kuvurugika ukibadilisha kipimo kimoja. Ubaya wake? Kujifunza ni kazi! Tulikesha usiku mingi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa anayekata bapa tu, kama herufi za vibao, LibreCAD yatosha kwa kuchora, ila atahitaji programu nyingine ya CAM.

Kwa hivyo wenzangu, kabla ya kuchagua, ulizeni haya: Je, kazi yangu ni bapa au ina vina na mapindo? Mashine yangu inasoma nini? Ninaruhusiwa kuuza? Intaneti ikikatika, nitafanya kazi? Nikikosa kodi, michoro itabaki yangu?

Mlango wa kwanza ulitoka siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Kona moja ilikuwa na kasoro kidogo, lakini mteja alilipa. Gunia lile sasa ni la kufutia miguu.