Mshale wa Mafuta Hauhesabu Lita

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu niwaeleze juu ya geji ya mafuta ya lori. Msicheke. Kile kimshale kinaweza kumfanya mtu aitwe mwizi.

Mjomba wangu ni dereva wa malori ya Mombasa hadi Malaba. Tajiri wake wa zamani alikuwa na desturi ya kuchungulia geji lori likiingia yadi. Mshale ukiwa chini ya alivyotarajia, basi, eti dereva ameuza dizeli njiani, na mshahara unakatwa. Hakuna aliyejisumbua kupima tangi. Wapo madereva wanaouza mafuta, hilo silifichi, lakini geji si shahidi wa kutegemewa.

Ndani ya tangi mna boya kwenye mkono wa chuma, kama lile la tangi la maji nyumbani. Mafuta yakipungua, boya linashuka, ukinzani wa umeme unabadilika na mshale unasonga. Kwa hiyo kinachopimwa si lita. Ni kimo cha mafuta mahali pamoja tu ndani ya tangi.

Hebu tupige hesabu. Chukueni tangi la lita 400, urefu sentimita 120, kina sentimita 60, nalo limejaa nusu. Kila sentimita ya kina ni karibu lita 7. Sasa lori lipande mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10. Mafuta yanakimbilia nyuma. Boya likiwa katikati ya tangi, mshale hautikisiki sana. Likiwa mwisho wa mbele, linashuka sentimita 6, yaani geji inakunyima lita 40 ambazo zipo! Kwenye mteremko inakupa lita 40 ambazo huna. Na yadi nyingine zenyewe ziko kwenye mteremko.

Tena si matangi yote ni kama sanduku. Tangi la mviringo, robo ya kina si robo ya mafuta, ni chini ya hapo. Kuna na malori ya matangi mawili ambayo boya liko katika moja tu.

Je, taa ya onyo? Nayo huwaka mafuta yakishuka hadi kimo fulani, hivyo mlimani inaweza kuwaka mapema au kuchelewa. Kuchelewa ndiko kubaya. Bomba la kunyonya mafuta haligusi sakafu ya tangi, kwa hiyo lita za mwisho hazinyonyeki, na tangi likiinama bomba linaweza kuvuta hewa. Gari la petroli likiishiwa, mara nyingi unamwaga mafuta na kuondoka. Dizeli sivyo. Hewa ikiingia kwenye pampu, injini inazima, na hata ukileta mtungi mzima wa mafuta huenda isiwake. Katika malori mengi ya zamani utingo hulegeza nati na kupampu kwa mkono mpaka povu liishe na dizeli safi itoke. Pampu yenyewe hulainishwa na hiyo hiyo dizeli, kwa hiyo ikikauka inasagika.

Fikirieni hayo yakitokea usiku mlimani. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito kama jiwe, na upepo wa breki hauongezwi tena. Lori limesimama barabarani, na nyuma yake linakuja basi.

Mjomba alitafuta fito iliyonyooka. Siku tangi lilipokuwa tupu alimwaga lita 20, akaitumbukiza na kuitia alama, akamwaga 20 nyingine, hivyo hivyo hadi juu. Tajiri wake wa sasa anaikubali. Lori husimamishwa mahali tambarare, fito inaingizwa dereva na mlinzi wakiona, kisha wote wawili wanatia sahihi kitabuni kabla ya safari na baada yake. Inanuka dizeli hadi mama amekataa isiingie nyumbani kwetu, lakini tangu ianze kutumika mshahara wa mjomba haujakatwa hata mara moja.