Si kila kipakwacho mkateni ni siagi

MTU akiingia dukani na kuitisha siagi, huenda akauziwa majarini na asitambue tofauti. Katika mazungumzo ya kila siku, bidhaa hizi mbili huitwa kwa jina moja. Kisheria, hata hivyo, ni vitu viwili tofauti.

Mafuta ya siagi hutokana na maziwa pekee. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka wa 1971 huagiza siagi iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80, maji yasiyozidi asilimia 16, na chembechembe nyingine za maziwa zisizozidi asilimia 2. Hivyo basi, pakiti ya gramu 250 sharti iwe na angalau gramu 200 za mafuta ya maziwa, na maji yasiyozidi gramu 40.

Mbona maji yawekewe kikomo? Kwa sababu ni rahisi kuliko mafuta. Pasipo kikomo, mnunuzi angelipia maji kwa bei ya siagi.

Majarini nayo ilibuniwa 1869 na Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès, kwa kutumia shahamu ya ng'ombe. Siku hizi aghalabu hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, kama vile mawese. Unafuu wake uliwatia hofu wafugaji. Nchini Marekani, jimbo la Wisconsin lilipiga marufuku majarini ya rangi ya manjano hadi 1967, isije ikadhaniwa kuwa siagi.

Kuuza majarini si kosa. Kosa ni kuiuza kwa jina la siagi. Mnunuzi na asome maandishi ya pakiti: akikuta mafuta ya mimea, hiyo si siagi, hata ikiwa na picha ya ng'ombe.