Tutofautishe chapa na nakala ya picha

Mbona mtu alipe maelfu kwa 'nakala' ya picha? Swali hili huulizwa sana, na naona tatizo limo katika neno lenyewe. Nakala hutokana na kitu asilia. Lakini kwa wapigapicha wa kisanaa waliotumia filamu, negativu haikuwa kazi kamili. Ansel Adams wa Marekani, aliyekuwa pia mpiga piano, aliilinganisha na nota za muziki. Kuchapa ndiko kuupiga wimbo. Picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, aliyoipiga 1941, aliichapa kwa miongo kadhaa, anga ikizidi kuwa nyeusi. Zote ni kazi zake halisi.

Ndipo napendekeza tuziite 'chapa'. Ukiona 3/10 pembeni, hizo si alama za mtihani, jamani! Ni chapa ya tatu kati ya kumi, na msanii ameahidi kutozidisha.

Tukiziita zote nakala, mnunuzi atauziwa fotokopi kwa bei ya sanaa, na msanii atalipwa bei ya fotokopi. Kabla ya kulipa, uliza: nani aliichapa, lini, na sahihi iko wapi?